Anayekua Ni Nani? Kuchagua kati ya RPG na Roglaiki

Mtu anayetafuta mchezo mmoja tu wa kompyuta wa kumtosha miezi kadhaa, na ambaye ameambiwa kwamba RPG (michezo ya kuigiza mhusika, kwa Kiingereza role-playing games) na roglaiki (roguelike) ni ndugu wa tumbo moja, hupata shida ya kweli anapotaka kuchagua, kwa sababu kwa kuangalia picha peke yake michezo hii inafanana mno. Katika aina zote mbili unakabidhiwa mhusika dhaifu mwenye silaha duni, unamwingiza mapangoni, anapambana na mazimwi, anaokota dhahabu na dawa, na kila anapomshinda adui anakusanya pointi za uzoefu hadi apande ngazi. Tofauti haionekani vizuri mpaka siku mhusika huyo anapokufa, na ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwenye kifo chake.

Katika RPG ya kawaida kifo ni usumbufu tu. Dragon Quest, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1986 ambao RPG nyingi za nchi hiyo zilifuata nyayo zake, ulikuwa ukimrudisha shujaa aliyeuawa mbele ya mfalme, akafufuliwa, akapoteza nusu ya dhahabu yake, kisha akaruhusiwa kuendelea na safari akiwa na ngazi zake zote na upanga wake kiunoni. Michezo ya baadaye, kama vile Skyrim ya mwaka 2011 na Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, humrudisha mchezaji pale alipohifadhi mara ya mwisho, na kile kifo kikawa kama hakikutokea. Katika roglaiki hakuna pa kurudi. Mhusika akifa, faili lake linafutwa, na mchezaji anaanza upya na mwingine wa ngazi ya kwanza, katika mapango ambayo kompyuta imeyachora muda huo huo na ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyapita. Kama ulikuwa umemlea kwa saa nane, saa nane hizo zimekwenda naye.

Msomaji atakayeuliza ni nani mwenye akili timamu anayekubali kutendewa hivyo ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba kuna kitu ambacho hakifutwi, nacho ni kile alichojifunza mchezaji. RPG huweka maendeleo ndani ya mhusika, kiasi kwamba ukiuacha mchezo mwezi mzima na kurudi, utamkuta shujaa wako na nguvu zile zile hata kama wewe mwenyewe umesahau nusu ya kanuni. Roglaiki huyaweka kichwani mwa mchezaji. Mhusika wako wa hamsini anaanza na nguvu zile zile alizoanza nazo wa kwanza, lakini anafika mbali zaidi kwa sababu anayemwongoza si yule wa siku ya kwanza. Wacheza bao hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili: kete ni 64 na mashimo ni 32 kila siku, na fundi haji barazani na kete za ziada alizoshinda jana.

Chimbuko lao

Aina zote mbili zimetokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja huwa msimulizi na mwamuzi, huandaa mapango na visa, wenzake huigiza wahusika, na dadu huamua nani apigwe na nani apone. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kumwiga msimulizi huyo mzima mzima, kwa hiyo waundaji wa michezo wakamgawana. RPG ilichukua kinywa chake, yaani vijiji, wafalme, usaliti na safari ndefu. Roglaiki ilichukua dadu zake.

Jina lenyewe linatokana na Rogue, mchezo ulioanza kuzunguka mwaka 1980, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, ambao baadaye walisaidiwa na Ken Arnold wa Berkeley. Wawili hao walipenda michezo ya visa iliyokuwa ikiandikwa kwa maneno matupu, lakini walichoshwa na kasoro yake moja: ukishakifumbua kisa, hakuna sababu ya kukirudia, na aliyekiandika hawezi kukifurahia hata kidogo kwa kuwa anajua kila kona. Walitaka mchezo utakaowashangaza hata wao wenyewe. Wakaiachia kompyuta kazi ya kupanga vyumba, njia, hazina na maadui kila mchezo unapoanza. Picha hazikuwepo. Mchezaji alikuwa alama ya @, maadui walikuwa herufi 26 kuanzia A hadi Z, na lengo lilikuwa kushuka hadi ngazi ya 26 chini ya ardhi, kuichukua Hirizi ya Yendor na kupanda nayo hadi juu ukiwa hai.

Mpaka kati ya familia hizi haukuwa wazi tangu mwanzo. Wizardry ya mwaka 1981, ambayo ni RPG isiyo na ubishi, ilikuwa na ukatili wa kutosha: wahusika wakiuawa miili yao ilibaki mle mle pangoni hadi kikosi kingine kiwafuate, na jaribio la kuwafufua likishindikana wangeweza kugeuka majivu na hatimaye kupotea kabisa. Upole tunaouhusisha na RPG leo uliingia hatua kwa hatua, kadiri hadithi zilivyorefuka na waandishi wake wakataka watu wazifikie tamati.

Bahati na maarifa

Lawama inayotolewa mara nyingi dhidi ya roglaiki ni kwamba kila kitu ni bahati. Si kweli, ingawa naelewa inatoka wapi. Anayecheza karata hachagui anachogawiwa, na mkono mmoja mbaya unaweza kumwangusha bingwa mbele ya mwanafunzi, lakini wakicheza mikono mia moja hakuna atakayebaki na shaka ni yupi bingwa. Roglaiki huchanga karata upya kila mara, na ustadi wake ni kuucheza vizuri mkono uliougawiwa, hata ukiwa mbovu.

Chukua dawa za Rogue. Unaokota chupa ya rangi ya buluu bila kujua kilichomo. Huenda inaponya, huenda inapofusha. Katika mchezo unaofuata rangi zimechanganywa upya, kwa hiyo kukariri kwamba ya buluu ndiyo inayoponya hakukusaidii kitu. Kinachosaidia ni kujua namna ya kujaribu: mchezaji mzoefu huinywa chupa asiyoijua mapema, akiwa na afya kamili na hakuna adui karibu, wala hasubiri mpaka azingirwe ndipo abahatishe. Huo ni ujuzi, na hauokotwi pangoni.

NetHack, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na ambao hadi leo unatunzwa na watu wanaojitolea, umeupeleka mwelekeo huu mbali kuliko mchezo wowote ninaoufahamu. Mna kiumbe aitwaye cockatrice ambaye ukimgusa kwa mkono mtupu unageuka jiwe papo hapo. Mzoga wake una sumu ile ile. Mchezaji aliyevaa glavu anaweza kuuokota mzoga huo na kuutumia kama silaha, akawa anawageuza maadui wake kuwa mawe kwa pigo moja. Lakini akitumbukia shimoni akiwa ameushika, ataugusa kwa bahati mbaya, na mchezo umekwisha. Hakuna mahali ambapo mchezo unakuambia ufanye hivyo. Kanuni zimewekwa, zikaachwa zikutane zenyewe.

RPG hufanya kazi kwa namna tofauti, na tofauti hiyo si udhaifu. Kila chumba kimefikiriwa na mtu, kila sanduku limewekwa pale kwa sababu, kila pigano kubwa limepangwa ili lije wakati hadithi inapolihitaji. Ukikwama, unaweza kusoma mwongozo utakaokuelekeza mlango kwa mlango. Zaidi ya hapo, RPG nyingi hukuruhusu kulipia ugumu kwa muda: adui akikushinda, unarudi nyuma, unawaua viumbe dhaifu kwa jioni mbili, unapanda ngazi tatu, unarudi na kumpiga. Roglaiki huuziba mwanya huo kwa makusudi. Katika Rogue ni njaa inayokusukuma, kwa kuwa chakula ni haba na anayezubaa katika ngazi za mwanzo za pango atakufa kabla hajapata nguvu anazozitafuta. Mchezo mwingine wa familia hiyo, Dungeon Crawl Stone Soup, una kitufe kimoja cha kumtembeza mhusika chumba hadi chumba mpaka jambo la hatari litokee, kwa imani kwamba muda wa mchezaji utumike kuamua na si kutembea. Mimi binafsi baada ya kuzoea kitufe hicho nimekosa uvumilivu kwa RPG zinazonivusha nyika nzima kwa miguu ili nipeleke barua.

Hadithi

Hapa RPG inashinda, tena bila mashindano. Planescape: Torment ya mwaka 1999, The Witcher 3 ya mwaka 2015 na Disco Elysium ya mwaka 2019 zina wahusika ambao mtu huendelea kuwafikiria baada ya kuzima kompyuta, na maamuzi ambayo matokeo yake huyaona saa ishirini baadaye. Katika Disco Elysium mapigano ni machache sana. Unacheza kwa mazungumzo, na sehemu za nafsi ya mpelelezi wako hubishana zenyewe kwa zenyewe kichwani mwake. Hakuna roglaiki ya asili inayokaribia hapo. Hadithi yake ni ile inayotokea, kwa mfano namna ulivyoponea chupuchupu kwa hati ya kichawi ambayo hukujua inafanya nini, na hadithi hiyo ni tamu kuisimulia ingawa haina mwandishi.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili inafaa alipime mapema. RPG hizo kubwa ni bahari ya maandishi, na Kiswahili hakimo katika lugha zake. Mtu asiyefurahia kusoma Kiingereza kirefu, chenye mizaha na lugha ya kale, atakuwa analipa bei kamili kwa nusu ya mchezo. Roglaiki hudai maneno machache, mengi yakiwa majina ya vitu, na baada ya wiki moja umeshayazoea.

Muda, kifaa na fedha

The Witcher 3 humchukua mchezaji wa kawaida zaidi ya saa 50 kwa kisa kikuu pekee, na anayechungulia kila kijiji anaweza kuzidisha mara mbili. Ni ahadi ya miezi kwa mtu mwenye kazi na watoto. Raundi moja ya Slay the Spire, mchezo wa karata wa mkondo wa roglaiki, huisha kwa takriban saa moja, mara nyingi kwa kushindwa. NetHack ni kinyume chake: mhusika anayeelekea kushinda anaweza kuishi kwa maelfu kwa maelfu ya zamu, yaani jioni nyingi, na ndiyo sababu kifo chake huuma kuliko vingine. Kwa kuwa roglaiki za asili huenda kwa zamu, adui hasogei mpaka wewe usogee. Unaweza kuinuka, ukaepua chungu, ukajibu simu, na ukirudi utamkuta amesimama pale pale. Kuhifadhi kumo pia, ila ni kwa ajili ya kupumzika tu. Ukiufungua tena mchezo, nakala ile inaondolewa, ili usiitumie kulikimbia kosa lako.

Kwa upande wa kifaa pengo ni kubwa. Baldur's Gate 3 inahitaji nafasi ya gigabaiti 150 kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe lazima iwe ya nguvu. Kwa anayenunua bando la intaneti kwa gigabaiti, kuipakua peke yake ni gharama ya pili juu ya bei ya mchezo. NetHack na Dungeon Crawl Stone Soup hutolewa bure, huendeshwa na kompyuta kuukuu, na huu wa pili unaweza kuchezwa hata ndani ya kivinjari. Kwenye simu za Android kuna Shattered Pixel Dungeon, ambao ni wa bure, hauna matangazo, na hauhitaji mtandao ukishapakuliwa. Hata hivyo isidhaniwe kwamba mwenye simu amefungiwa nje ya RPG: Chrono Trigger, Final Fantasy zile sita za mwanzo na Baldur's Gate ya kwanza zote zimetengenezewa simu, na umri wao haujazipunguzia ladha.

Walio katikati

Mwaka 2008 waundaji na wapenzi wa michezo hii walikutana Berlin na kuorodhesha sifa za roglaiki: mazingira yanayopangwa kwa kubahatisha, kifo kisicho na marejeo, mwendo wa zamu, uwanja wa miraba, matumizi ya akiba kwa busara na nyinginezo. Orodha ile ni nzuri kwa mabishano ya mahafidhina, lakini soko halikuisubiri. Mwaka huo huo ilitoka Spelunky, ambayo ni ya kuruka na kukimbia bila zamu yoyote, na baada yake zikafuata The Binding of Isaac mwaka 2011, FTL mwaka 2012 na nyingine nyingi. Balatro ya mwaka 2024 haina pango wala zimwi. Ni mikono ya poka na kadi za kuvunja kanuni. Dukani zote hizi huitwa roglaiki, na kinachoziunganisha ni raundi inayoanza upya.

Mnunuzi anatakiwa kuwa macho na tawi moja hasa, lile ambalo wachezaji huliita roglaiti. Katika Rogue Legacy ya mwaka 2013, shujaa akifa mrithi wake huchukua dhahabu aliyoiacha na kununulia nguvu za kudumu za ukoo. Hades ya mwaka 2020 hufanya vivyo hivyo: Zagreus, mwana wa mungu wa kuzimu, hujaribu kutoroka nyumbani kwa baba yake, na kila anapouawa hurudishwa sebuleni, ambako wakazi wana maneno mapya ya kumwambia, na chumbani mwake kuna kioo cha kumwongezea uwezo. Hapo kifo chenyewe ndicho kinachosukuma hadithi mbele, ubunifu ambao naona haujapitwa. Mchezo huo una pia hali ya kumsaidia anayeshindwa, inayompunguzia madhara ya mapigo kwa asilimia 20 na kuongeza asilimia 2 kila anapokufa, hadi kufikia 80. Kasoro ya roglaiti, kwa mwenye kuijali, ni kwamba ukishinda raundi ya arobaini hujui kwa hakika ni wewe uliyeimarika au ni kioo.

Kwa hiyo uchukue upi

Kama unachokitafuta ni kuishi na watu wa kubuni kwa muda mrefu, kuwapenda na kuwasaliti, chukua RPG, na usione haya kuchagua kiwango chepesi cha ugumu, kwa sababu thamani yake haiko katika kushindwa. Mwenye kompyuta nzuri aanze na Baldur's Gate 3. Mwenye simu aanze na Chrono Trigger, ambayo haina mahali inapochosha. Akishaimaliza Baldur's Gate 3 na kuona kwamba uhuru wa kurudi nyuma umemlegeza, asijilazimishe kuhama: ndani yake mna hali ya heshima yenye hifadhi moja tu, ambamo kikosi kizima kikifa jaribio hilo la heshima limeishia hapo.

Kama muda wako ni vipande vya nusu saa, au kama ukishajua mwisho wa kisa huna hamu nacho tena, RPG itakuhangaisha, na roglaiki itakufaa. Hades ni daraja jema kwa anayetoka upande wa hadithi, Slay the Spire kwa anayependa kukokotoa, kwa sababu adui huonyesha kabla ya zamu yake kama atapiga na kwa kiasi gani, na lawama za bahati hupungua sana. NetHack nisingempa mgeni awe wa kwanza, hata nikiwa ndiye ninayeupenda kuliko yote. Na yule ambaye hukasirika kweli anapopoteza kazi ya jioni nzima, kiasi cha kutolala, aachane na roglaiki za asili bila kujiona mnyonge. Michezo haikubuniwa kuwa adhabu.

Anayetaka kujaribu bila gharama apakue Shattered Pixel Dungeon, ambao una ngazi 26 na Hirizi ya Yendor mwishoni, kwa heshima ya Rogue. Katika ngazi ya tano atamkuta Goo, lundo la ute mweusi linalovimba kabla ya kupiga pigo kubwa. Mhusika wa kwanza huenda akapigana naye pale alipomkuta, kwenye maji, na kushangaa kwa nini majeraha ya Goo yanajifunga kila mara. Mhusika wa pili atamvuta kwanza hadi nchi kavu.